Usaili wa jiografia Cambridge: nilivyojiandaa nikiwa Kampala

Cha kwanza kuacha ni mtindo wa UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita Uganda. Kwenye mtihani, ukiulizwa kwa nini ardhi huporomoka Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, unamwaga sababu kumi, kila moja na mfano wake, na alama zinaingia. Kwenye usaili wa Cambridge au Oxford, mhadhiri atakukatiza kwenye sababu ya tatu: ipi ina uzito kuliko nyingine, na utajuaje? Mteremko wa Mlima Elgon na udongo wake mzito wa mfinyanzi vilikuwepo miaka yote, kwa hiyo haviwezi kueleza kwa nini ni leo na si mwaka jana. Mvua ya siku mfululizo ndiyo inayoamua siku. Miti iliyofyekwa na mteremko uliokatwa ili kupata kiwanja vinasaidia kueleza kwa nini ni hapa na si kilima cha jirani. Hapo umeanza kujibu.

Kwa sababu hiyo nilifanya mazoezi ya kusema, si ya kuandika. Kifaa kikuu kilikuwa ramani za topografia za 1:50,000, zile zinazotoka kwa idara ya upimaji Entebbe na ambazo shule nyingi zinazo kabatini. Soma skeli kwanza: sentimita 2 ni kilomita 1. Kisha angalia kama kontua, mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, zimepimwa kwa futi au kwa mita; ukichanganya, gradienti yote, yaani ukali wa mteremko, inaharibika. Fuata mito, halafu makazi na barabara. Sema unachokiona kabla ya kusema kinatokana na nini. Msikilizaji mzuri ni mtu asiyesoma jiografia, kwa mfano mwalimu wa fizikia, kwa kuwa hataridhika na istilahi tupu.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni la mto Katonga. Chukua ramani isiyo na mishale ya mkondo uulize: maji yanaelekea wapi? Vijito vyake vingi vinaingia kwa pembe inayoelekea magharibi, kama miba ya ndoana, ilhali sehemu kubwa ya maji inaishia mashariki, Ziwa Victoria. Katikati pana kinamasi ambacho upande mmoja kinamwaga Victoria na upande wa pili kinaelekea Ziwa George. Mto Kafu nao uko hivyohivyo: unakwenda mashariki, wakati mto Nkusi, katika bonde lilelile, unateremka magharibi hadi Ziwa Albert. Dhana inayotokea ni kwamba mito ilikuwa ikienda magharibi, kisha ardhi ya kando ya Bonde la Ufa ikainuka, maji yakarudi nyuma na kutuama. Vidole vya Ziwa Kyoga, zile ghuba zake ndefu nyembamba, basi ni mabonde yaliyozama. Usiishie hapo. Jiulize ni ushahidi gani ungeiangusha dhana hiyo. Kama fukwe za kale za Victoria zingekuwa na kimo kilekile magharibi na mashariki, hadithi ya kuinuka ingeyumba.

Barafu ya milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, inafundisha jambo lingine. Mwaka 1906, mpiga picha Mwitalia Vittorio Sella alipopiga picha zake huko, ilikuwa takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 ilibaki chini ya 1. Wengi wanajibu "joto" na kunyamaza. Wataalamu wamebishana: ni joto, au ni hewa kuwa kavu zaidi, mawingu na theluji vikapungua? Chagua upande, kisha taja kipimo ambacho kingekufanya uhame.

Hesabu ni ndogo ila zipo. Sensa ya Uganda ya 2014 ilikuta watu milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9. Hiyo ni karibu asilimia 2.9 kwa mwaka. Kwa kanuni ya haraka, gawanya 70 kwa 2.9: idadi inaongezeka maradufu kwa miaka 24 hivi.

Ukitaja utafiti wako wa uwandani kwenye maombi ya kujiunga na chuo, tarajia kuulizwa uliwachaguaje watu. Hojaji iliyojazwa na wauzaji wa langoni mwa soko la Owino, Kampala, tu inawasahau wa ndani, ambao kodi na wateja wao ni tofauti. Kulisema hilo mwenyewe ni bora kuliko kungoja lichomolewe.

Usaili ukiwa wa mtandaoni, soma saa kwa makini. Mwezi Desemba tuko mbele ya London kwa saa tatu: 10:00 yao ni saa saba mchana kwetu. Anayeiona 10 akaisoma saa kumi atafungua kompyuta wenzake wamemaliza zamani. Betri ijae, bando la simu liwe tayari umeme ukikatika, na karatasi na kalamu nene viwe karibu kwa michoro. Epuka chumba cha mabati bila dari: mvua za mwanzo wa Desemba bado zipo, na zikianza kupiga, maikrofoni haisikii kingine.