Daraja la mbwa: tatizo liko kwenye miguu ya nyuma

Mbwa akikataa kupanda daraja la ajiliti, yaani mchezo wa mbwa kupita vikwazo, watu husema anaogopa kuwa juu. Mara nyingi sivyo. Miguu ya mbele anaiona anapoiweka; ya nyuma inafuata tu, na kwenye ubao wenye upana wa sentimita 30 kufuata tu hakutoshi. Mguu mmoja ukikosa ubao, mwili wote unayumba, na siku inayofuata hagusi daraja.

Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, daraja kamili lina mbao tatu, kila moja ya mita 3.6 hadi 3.8, na ule wa katikati huwa mita 1.2 hadi 1.3 kutoka ardhini. Huko ni mbali. Anza na ubao mmoja uliolazwa chini kabisa. Mbwa atembee juu yake, asimame katikati, kisha ageuke bila kushuka. Kugeuka ndiko kunakofundisha zaidi, kwa sababu hawezi kugeuka mahali pembamba hivyo bila kujua mguu wa nyuma ulipo. Ngazi iliyolazwa kwenye nyasi nayo inafaa, mradi apite polepole kati ya vipago.

Zawadi iwe vipande vidogo vya ini lililochemshwa, na uishike chini, mbele ya pua. Ukiishika juu, mbwa ananyanyua kichwa, uzito unarudi nyuma, na miguu ya nyuma inateleza. Kosa hili huharibu mbwa wazuri kabisa.

Akishageuka bila wasiwasi, inua ubao kwa tofali moja la saruji kila mwisho, na jingine katikati. Usiliache hilo la katikati: ubao mrefu hunesa mbwa anapopita, na wengi hutishwa na mneso huo kuliko kimo. Ukanyage kwanza wewe mwenyewe, pande zote. Kama umepakwa rangi laini, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa rangi ikiwa bado mbichi. Kucha ndefu zikatwe, na ubao ulioloa usitumike.

Kamba ya shingoni isimvute wala kumzuia. Ikikaza tu, inamtoa kwenye mstari wake. Afadhali watu wawili, mmoja kila upande, mikono ikiwa tayari karibu na kifua bila kumgusa.

Mteremko, yaani ubao wa kushukia, ufundishwe kuanzia mwisho. Mweke kwenye sentimita 60 za chini, ashuke, asimame miguu ya mbele ikiwa ardhini na ya nyuma bado iko ubaoni, ndipo apewe zawadi palepale chini. Kisha mwanzishe juu kidogo zaidi. Sentimita 90 za mwisho hupakwa rangi tofauti na lazima azikanyage. Anayeruka kutoka juu anabebesha mabega uzito wote.

Mkia ukijikunja tumboni, akitambaa au akilamba midomo mara kwa mara, teremsha ubao. Mara nne au tano kwa kipindi zinatosha. Mtoto wa mbwa abaki na ubao wa chini hadi mifupa ikomae: karibu mwaka mmoja, na kwa mbwa wakubwa hata miezi 18.

Bembea, yaani ubao unaoinama upande wa pili mbwa anapovuka katikati, isubiri. Akiwa mwanzoni mwake, mbwa huiona sawa na daraja, na ikiinama ghafla akiwa juu yake atalikataa daraja pia.