Kazi ya M&E na yule ambaye mradi haukumfikia

Vijana wengi hapa Kisumu wananitumia meseji wakiuliza wasomee nini ndio waingie kwa hii kazi ya M&E, yaani ufuatiliaji na tathmini ya miradi, wengine wanataka kujua waanze na programu gani ya kuchambua takwimu, Stata ama R. Jifunze yoyote kati ya hizo, utaihitaji. Lakini kama unataka uitwe tena kontrakti ikiisha, jifunze kukaa na mtu ambaye mradi haukumpa chochote na wewe bado unahitaji majibu yake.

Tathmini nyingi huku kwetu zinalinganisha vijiji, hiki kimepata, kile hakijapata. Kwa kile kilichopata utakaribishwa na chai. Kwa kile kingine utamkuta mama anachagua omena nje, anakusikiliza hadi umalize kujitambulisha halafu anakuuliza, "Mwanangu, wa ng'ambo ya mto walipewa, mimi mnanijia tu kuniuliza nina kuku wangapi, hao kuku mnawatakia nini?" Swali la haki kabisa. Nimeona maenumereta, wale wakusanyaji wa data, wazuri sana kwa tableti wakikwama hapo, mtu anasema tu "labda awamu ijayo mama" ili amalize fomu aende nyumba inayofuata, na hiyo ahadi si yake kuitoa. Mwaka ujao yeye yuko Kakamega na mradi mwingine, na timu inayorudi pale inapata mama hayuko nyumbani kila wakibisha hodi.

Na huyo mama ndiye mwenye jibu tunalotafuta! Angalia ule utafiti wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kule Busia. Shule za msingi 75 zikagawanywa makundi matatu, la kwanza likaanza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001 kwa sababu pesa na watu wa kuendesha mradi havingetosha shule zote kwa mara moja. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha matokeo 2004, jambo lililoshtua wengi ni kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa maambukizi yao yalipungua, kwa sababu wenzao hawakuwa wanaacha mayai mengi ya minyoo kwa udongo. Kremer akaja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wanauchumi wenzake Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Hesabu za ile karatasi zilibishaniwa sana baadaye, hasa 2015, na ni sawa zibishaniwe, ndio sayansi hiyo. Mimi ninachopendea ule mpango ni kwamba waliongoja walikuwa wanangojea kitu, na mzazi angeweza kuelezewa kwa nini.

Siaya pia, wasiopewa ndio walikuwa na jibu. GiveDirectly, shirika linalowapa watu pesa moja kwa moja, walitoa karibu dola 1,000 kwa kila familia, familia zaidi ya 10,000, na utafiti ukafuatilia vijiji 653. Ikaonekana majirani ambao hawakupewa hata shilingi nao matumizi yao yalipanda, maana ile pesa ilizunguka sokoni, kwa fundi, kwa duka, na bei za vitu hazikupanda sana vile watu waliogopa. Sasa tungejuaje hayo kama wale majirani wangefunga mlango?

Kwa hivyo mambo ya kuingia kijijini usiyachukue kama makaratasi tu. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, unacho, kamati ya maadili imepitisha, barua ya kaunti iko, sawa, lakini bado utakaa kwa chifu, utatafuta mzee wa kijiji, utatembea na mhamasishaji wa afya wa pale anayejua nani amefiwa juzi na nani hataki kuhojiwa mbele ya mama mkwe. Siku ya matanga usiende. Msimu wa kupanda, Machi hadi Aprili, nenda jioni.

Halafu rudi na matokeo. Hapa ndipo ninaumia sana, kwa sababu ndiyo sehemu ya kwanza kukatwa pesa zikipungua, ripoti inaenda kwa mfadhili, inasomwa Nairobi, na waliojibu hawaioni milele. Kuna mradi wa maji nilifanyia kazi, data ilionyesha watu wameacha kuchota kwa pampu na sisi tukaandika kwenye rasimu kwamba labda ni umbali. Tukaitisha baraza, tukasoma, mzee mmoja akasimama akasema umbali uko wapi, kamati iligombana juu ya pesa za ukarabati na mwenye ufunguo akakaa nao. Watu wote wakaitikia, hata wale wa kijiji ambacho hakikuwa na pampu walikuwa wanajua. Tulibadilisha ile sura yote.

Baraza kama hilo ni viti, hema, soda na mkate, nauli za boda na mtu wa kutafsiri Kiluo ama Kiluhya vizuri, si pesa ya kutisha ukilinganisha na gari za mradi. Ukienda intavyu na ukiulizwa kama una swali, uliza nani atarudisha matokeo kijijini na iko wapi kwa bajeti. Mimi niliuliza hivyo kwa kazi niliyo nayo sasa, na bosi akafungua laptopu akanionyesha ule mstari, na vijiji vya kulinganisha vilikuwa ndani.