Daftari la vipimo lililonirudishia kibaraza changu

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko kwenye uchochoro katikati ya jiji la Mwanza, hatua chache kutoka Makoroboi, na kwa miaka miwili kibaraza cha fremu hiyo hakikuwa changu. Jua likizama tu upande wa ziwani, vijana wanajaa: bangi, pombe kali, matusi kwa kila binti anayepita, na ukuta wangu ndio choo chao. Mteja wangu mmoja alikwapuliwa simu huku amekumbatia gauni lake la send-off. Leo nashona mpaka saa 3 usiku mlango ukiwa wazi. Naandika kwa sababu bado nasikia watu wanapeana ushauri uleule ulionipotezea muda na pesa.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa fundi pikipiki wa jirani: "Mama, mwaga oili chafu, hawatakaa." Nikanunua dumu kwake, elfu tatu au nne hivi. Saa 12 jioni nikamwaga kibaraza kizima, nikazima taa, nikasimama ndani nikichungulia kwenye nondo za dirisha. Wa kwanza akaja, akatazama chini, akasonya, akaondoka. Nikashukuru Mungu. Haikupita robo saa, wakarudi sita na maboksi ya sabuni waliyookota kwenye duka la jumla, wakayatandika vizuri kama mkeka, wakakaa. Usiku ule walikaa muda mrefu kuliko siku zote. Kesho yake jua lilipowaka oili ikachuruzika mpaka mlangoni. Binti ninayemfundisha kazi akaingia na robota la satini nyeupe ya majoho ya kwaya, akateleza, kitambaa chote kikalala kwenye oili. Satini haisameheki. Nililipa laki na ushee, na wiki nzima tukawa tunasugua sakafu kwa vumbi la mbao na sabuni ya unga huku wateja wanaziba pua. Kwa hiyo mtu akikwambia habari ya oili, mwombe kwanza akuoneshe kibaraza chake.

Ushauri wa pili ulikuwa "ita difenda", yaani gari la doria la polisi. Niliita. Ilikuja mara tatu. Ikiwaka taa kule barabarani, wahuni wanapotelea upande wa mto Mirongo, anayebaki ni mtu asiye na kosa la kukimbia. Mara ya pili walimchukua mshona viatu wa pale kona, baba wa watoto wanne, akalala ndani na brashi yake mfukoni. Nilikwenda kituoni kumsemea na nikiwa pale nikauliza kwa hasira kwa nini wale wengine wanaachiwa kila mara. Afande wa kaunta hakunifokea. Alisema: "Mama yangu, nimpeleke mahakamani kwa lipi? Aliyeibiwa hajaja, aliyeona hajaja, na mimi nina saa 24 tu za kukaa naye." Nilitoka nimenuna, lakini maneno yale yalinikaa kichwani njia nzima. Kweli, uchochoro mzima tulikuwa tunalalamika kwenye vibaraza vyetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikisha maelezo.

Kuna mzee anauza vipuri vya baiskeli mkabala na mimi. Yeye alitaka turudishe sungusungu, yaani ulinzi wa wananchi wenyewe, kama ile iliyoanza huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Namheshimu sana, lakini nilimkatalia mbele ya watu. Mwezi uleule nilikuwa nimeona kwa macho yangu kijana wa miaka kumi na sita hivi amelazwa chini kwa sababu ya simu ya vitufe, mtu ameshashika tofali na mwingine anauliza tairi. Alikuwa analia "mama, mama", ananitazama mimi, hanijui wala simjui. Nilijitupa katikati na futi yangu ya kupimia bado iko shingoni, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, mshona viatu akapiga 112, na tukamkinga yule mtoto mpaka askari wakafika. Sitaki kuja kusoma habari ya "wananchi wenye hasira kali" na mmoja wao awe mimi.

Basi siku ile ndipo nilipogeuza daftari langu. Mafundi wote tuna kaunta buku la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mimi nikaligeuza juu chini na kuanzia ukurasa wa nyuma nikapiga mistari kwa rula: siku, saa, wangapi, walifanya nini, nani mwingine ameona. Mstari mmoja ulisomeka hivi: "Ijumaa, 1:40 usiku, wanne, chupa imevunjwa, binti wa saluni ametukanwa, ameona mama wa maandazi." Sikuandika jina la mtu. Sikuandika nililosimuliwa. Na niliandika palepale, sindano nimeibana mdomoni, maana ukisubiri asubuhi saa zinachanganyika.

Baada ya wiki sita nilikaa na daftari Jumapili baada ya kanisa, na hapo ndipo nilipojua ninachopambana nacho. Jumatatu hadi Jumatano karibu hakuna kitu. Fujo zote ni Alhamisi hadi Jumamosi, kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Doria ilikuwa inapita saa 5, wakati uchochoro hauna hata paka. Jambo jingine: jioni ambazo kijana wa chipsi aliweka meza na taa yake pale kona, mistari yangu ilikuwa mitupu. Na kukojoa kote kulianza baada ya saa 12 jioni, kwa sababu saa hiyo ndiyo choo cha kulipia kilikuwa kinafungwa.

Daftari nililipeleka kwa mkaguzi wa polisi wa kata yetu, tukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Akauliza: "Hii ya 1:40 umeiona mwenyewe?" Nikamjibu, afande, zote nimeziona mwenyewe, ambazo sikuziona sikuandika. Akafunga daftari akasema doria itahama. Alhamisi iliyofuata saa 1:30 walikuja askari wawili kwa miguu, bila difenda, bila kelele, wakamsalimia mzee wa vipuri "shikamoo", wakasimama kibarazani kwangu wakiongea habari za mvua. Vijana walifika, wakageuza. Ikawa hivyo kila wikiendi kwa miezi kama mitatu.

Yule mteja wa send-off nilimbembeleza siku nyingi sana. Mwishowe akaandikisha, akapewa RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi), akapeleka risiti ya simu na ile namba inayotokea ukibonyeza *#06#, ambayo bahati nzuri ilikuwa kwenye boksi (tunzeni maboksi ya simu). Simu ilipatikana, aliyeiuza akamtaja aliyemuuzia. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo mara nne, mara mbili shauri likaahirishwa na mimi nikafunga fremu siku nzima. Mshtakiwa alipatikana na hatia. Kuanzia siku ile, uchochoro ulijua kuna watu wanaokwenda mpaka mwisho.

Mwenye choo tulikubaliana afunge saa 3, nasi wenye fremu tunamwongezea kidogo kila mwezi. Kijana wa chipsi nimempa umeme wangu bure kwa taa moja.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa duka la mabegi, uchochoro wa tatu kutoka kwetu, amefura: "Dada, wahuni wako umetuhamishia sisi!" Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Nilimvutia stuli, nikamfungulia kurasa za nyuma, nikamwonesha mistari. Alikaa kimya akisoma mpaka chai ikapoa. Kisha akaniomba rula. Jioni ile ilikuwa Ijumaa, na saa 1:25 akanipigia simu kwa sauti ya chini: "Watatu wameshakaa. Safu ya nne niandike nini?"