Mwanafunzi wangu aliyeshindwa kusema "shusha"

Jana usiku mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia kutoka Seoul. Kiswahili chake kimeanza kuota kutu, ila bado ananiita mwalimu, na bado anaanza na shikamoo ingawa nimemzidi miaka minne tu. Nimeshachoka kumkataza.

Alipokuja Dar alikuwa ametumwa na kampuni yake akae mwaka mzima bila kazi ya ofisini. Mshahara unaingia, kodi inalipwa, yeye ajifunze lugha na aone watu wanaishije. Nilidhani ananidanganya. Kumbe Samsung walianza mpango wa namna hiyo tangu 1990: kijana anapelekwa nchi ya watu, anaachwa apotee kidogo, ili baadaye akipewa umeneja wa nje asiwe mgeni wa kila kitu. India nako Hindustan Unilever, zamani Hindustan Lever, huwapeleka mameneja wanafunzi wao kuishi kijijini kwa wiki kadhaa. Leena Nair aliingia pale kama meneja mwanafunzi mwaka 1992, akazunguka viwandani, na mwaka 2022 akawa mkuu wa kampuni ya mitindo ya Chanel.

Wangu mimi alipotea kwenye daladala. Alikuwa ashuke Sayansi, akajikuta Mwenge. Siku ya pili, Mwenge tena. Nikamwuliza, neno "shusha" umelisahau? Hapana, analijua. Tatizo konda alikuwa anaongea na abiria mwingine, tena mtu mzima, na yeye alikuwa anasubiri wamalize.

Nilicheka hadi machozi. Kisha akanieleza kuhusu nunchi, neno la kwao la kupima hali ya watu kwa jicho kabla hujafungua mdomo. Nikamwambia sisi tunasema kusoma macho. Alilipenda sana hilo, akaliandika kwenye daftari mara tatu.

Cheko langu liliisha siku aliponisomea tathmini aliyoandikiwa na bosi wake wa kanda, Mzungu, baada ya vikao kadhaa vya mtandaoni: kazi nzuri, ila haonekani kama kiongozi, hasemi. Kijana huyu alikuwa anakumbuka nani alisema nini kwenye kikao cha miezi miwili nyuma! Kuna utafiti wa mwaka 2020 wa Jackson Lu na wenzake uliokuta kwamba huko Marekani watu wenye asili ya Asia Mashariki hawafiki vyeo vya juu kama wenzao wa Asia Kusini, na sababu mojawapo waliyoitaja ni hiyo ya kutojitokeza kusema. Sawa. Lakini mimi niliyelelewa kwamba mtoto hadakii maneno ya wakubwa, nilijiona kwenye karatasi ile. Nimewahi kukaa vikao vizima na jibu mdomoni, nikimsubiri mzee mmoja avute pumzi.

Basi tukaacha ngeli kwa muda. Kwa wiki tatu nilimfundisha kukatiza watu. "Samahani, nakukata kauli." "Kabla hujaendelea, mkuu." Mazoezi tulifanyia kijiweni kwa muuza kahawa, kwenye ubishi wa Simba na Yanga, ambako ukingoja zamu yako utazeeka. Mwezi wa tano akapaza sauti, "Konda, shusha!" na daladala nzima ikageuka kumtazama. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake, lakini alishuka.

Jana simu yake ilikuwa na habari hii. Amerudi makao makuu, yuko kwenye orodha ya watakaopelekwa nje. Wiki iliyopita kwenye kikao, mkurugenzi wake alitaja takwimu zilizokosewa, naye akamkatiza palepale, kwa adabu zote, kwa Kikorea. Chumba kizima kikanyamaza. Wamemnoa kwa ajili ya ugenini. Nyumbani ngazi ni ileile ya umri na cheo, na sijui kama aliyepanga mwaka wake wa Dar aliliwazia hilo.

"Mkurugenzi alikujibu nini?" nikamwuliza.

"Bado, mwalimu," akasema. "Leo siku ya sita."