Yoga, sala, na mwalimu aliyenipunguzia kasi

Watu wakisikia nafanya yoga swali la kwanza ni kama naweza kupitisha mguu nyuma ya shingo. Siwezi, na sidhani kama nitaweza, mwili wangu ni mgumu tangu utotoni. Mi niliingia yoga kwa sababu ya sala. Nilikuwa nasali kila siku lakini akili haitulii, yaani mdomo unasema maneno huku kichwa kiko kwenye madeni, kwenye meseji ambazo sijajibu, kwenye jibu ambalo ningempa fulani jana, afu nashtukia nimeshasema amina na katikati sijui nilisema nini. Nikadhani ni imani yangu imepungua. Kumbe sehemu kubwa ya shida ilikuwa mgongo na pumzi, na hilo nisingeligundua bila mtu wa kunionesha.

Walimu nimepitia kadhaa. Mmoja alikuwa hodari kwelikweli ila darasa lake lilikuwa mashindano matupu, anapita anakusukuma, goti linachoma anakwambia vumilia. Goti likichoma ndugu yangu usivumilie, toka kwenye hilo pozi. Mi nilitoka kwenye darasa kabisa. Mwingine alikuwa mpole, lakini kila ukimuuliza kitu jibu ni "mwamini mwalimu wako", na wanafunzi wake walikuwa wanamsifia yeye kuliko wanavyoongelea mazoezi, hapo pia nikajiondoa kimya kimya. Niliyekaa naye mpaka leo ni mama mmoja mtu mzima, haongei sana, na somo langu la kwanza kwake lilikuwa kukaa chini tu.

Hii niieleze vizuri maana ndo mambo yalianzia hapa. Nikikaa miguu imekunjwa, magoti yangu yalikuwa juu kuliko nyonga, kiuno kinazama nyuma, mgongo unapinda, kifua kinabanwa, sasa pumzi itashuka vipi? Akachukua blanketi, akalikunja na kulikunja mpaka likawa gumu na nene, akaniambia kalia ukingoni, siyo katikati, ukingoni. Nyonga ikapanda, magoti yakashuka yenyewe, mgongo ukanyooka bila mimi kuulazimisha. Akasukumia taulo lililokunjwa chini ya kila goti ili yasining'inie. Akasema, "Haya mwanangu, sasa pumua tu, usitengeneze kitu." Nikasikia pumzi inafika mpaka chini ya kitovu, na mbavu za nyuma zinatanuka, sehemu ambayo hata sikujua kama inahusika na kupumua.

Haya mambo ya blanketi, mikanda na matofali ya mbao yalienezwa sana na mwalimu wa yoga wa India, B.K.S. Iyengar (1918–2014), na historia yake inanipa moyo kwa sababu utotoni alikuwa mtu wa kuuguaugua, malaria, taifodi, TB, akaja kufundishwa na shemeji yake Krishnamacharya pale Mysore, India, na shemeji mwenyewe alikuwa mkali hasa. Lakini huyo huyo Krishnamacharya, aliyeishi kuanzia 1888 mpaka 1989, baadaye alijulikana kwa kufundisha mtu mmoja mmoja na kumpangia kila mtu mazoezi kulingana na umri wake, afya yake na hata imani yake. Nikisoma hivyo naelewa mama yetu kaitoa wapi ile tabia yake ya kukutazama kwanza kabla hajakupa kitu.

Maana mi nilimwendea na ratiba yangu nimeshaipanga, saa nzima kila alfajiri, mapozi mengi, na kila kitu. Akacheka. Akanipa mapozi machache tu: kusimama wima vizuri, mbwa anayeangalia chini (viganja na nyayo chini, nyonga juu), kugeuza mgongo ukiwa umekaa, na kulala chali miguu imeegemea ukuta. Baada ya hapo pumzi kidogo, kisha kimya, kisha sala yangu. Na sharti lake lilikuwa niache nikiwa bado nina hamu ya kuendelea. Nilikereka, nikaona ananidharau, ila ndo hiyo ratiba fupi iliyodumu, kwa sababu hata siku nimechoka vibaya sina kisingizio cha kuikimbia.

Kwenye pumzi hakuna muujiza. Ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, ukiitoa unapunguza, kwa hiyo ukirefusha kutoa kuliko kuvuta mwili wote unapoa. Mi navuta kwa hesabu ya nne natoa kwa sita, puani, bila kubana. Kubana pumzi sikufundishwa mwanzoni, na kama una presha au ni mjamzito usijaribu kubana pumzi kwa kufuata video.

Nikishapoa ndo nasali, na hapa ndo raha yenyewe. Nachukua Baba Yetu, nasema kipande kimoja nikiwa natoa pumzi, "Baba yetu uliye mbinguni", afu nasubiri, sivuti kwa nguvu, naiacha pumzi iingie yenyewe, ndipo kipande kinachofuata. Ile sala niliyokuwa naimaliza bila kujisikia sasa kuna siku sifiki mwisho wake, naishia kwenye "utusamehe" nakaa hapo hapo, maana kuna jina la mtu limekuja na sijamsamehe bado.

Najua wengi wanauliza, je yoga haigongani na imani? Hofu hiyo naielewa, na nilienda kumuuliza kiongozi wangu wa kiroho kanisani kabla sijaenda mbali. Mama wa yoga naye ana dini yake tofauti na yangu, wenzangu wakiimba Om, ile sauti takatifu ya Kihindu, mi nanyamaza, hajawahi kuniuliza kwa nini. Kwenye mafundisho ya Patanjali, yule mwandishi wa kale wa India aliyeandika misingi ya yoga, viungo (yaani sehemu) vya yoga ni vinane na mapozi ni kiungo kimoja tu, vinaanza na mwenendo, kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, na kwenye kiungo cha pili limo kabisa suala la kujikabidhi kwa Mungu. Kila mtu atapima na dhamiri yake, mi nimepima.

Yule kiongozi wa kanisani naye ni mwalimu wangu kwa upande wake. Nilipomlalamikia kwamba nakaa, napumua, nasali, lakini sijisikii chochote, hakunipa dawa. Aliniambia nisipime sala kwa hisia, na nikitaka kujua kama nakua nisimuulize yeye, niwaulize ninaoishi nao. Nikauliza nyumbani kwa utani. Nikajibiwa, "Siku hizi hubamizi mlango." Basi! Miaka ya mkeka na magoti, tathmini ndo hiyo, ila niliifurahia kuliko pozi lolote. Mwenyewe nilichokiona ni kitu kidogo, meseji ya kuudhi inaingia, vidole vimeshaandika jibu la moto, kabla sijatuma nasikia pumzi imekwama kooni, ile kuisikia tu inatosha kuweka simu chini.

Siyo kwamba sijawahi kukatika. Patanjali ana orodha ya vikwazo tisa, ugonjwa umo, mashaka yamo, uvivu umo, na cha mwisho ndo kinachonihusu mimi, kufika hatua fulani na kushindwa kudumu hapo. Nikiumwa au nikifiwa mkeka unakaa umekunjwa hata wiki kadhaa. Nikirudi sianzi na mapozi, nalala chali miguu ukutani, nasali hapo hapo nimelala, mama alisema inahesabika.

Kama unatafuta mwalimu, mi siku hizi naangalia vitu viwili. Kwanza je, ukikataa asikuguse au asikusukume anakubali bila kununa? Pili, yeye mwenyewe bado anafundishwa na nani? Mama yetu ana miaka mingi kwenye mkeka lakini bado anaenda kwa mwalimu wake, na akirudi anatuonesha yeye mwenyewe amesahihishwa wapi, juzi ilikuwa kisigino cha kushoto.