Mstari uliozaa "deadline"

Neno la Kiingereza "deadline" limeungwa kwa maneno mawili, "mfu" na "mstari", nasi tumelizoea kwa maana ya siku au saa ya mwisho ya kukabidhi kazi. Asili yake inatisha: mwaka 1864, katika gereza la kijeshi la Andersonville, jimboni Georgia nchini Marekani, palikuwa na uzio mwepesi wa mbao ndani ya boma, na mfungwa aliyethubutu kuuvuka alipigwa risasi na walinzi waliokuwa juu ya ukuta. Maana ya muda ilishika baadaye, magazetini, mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi huandika "tarehe ya mwisho", ingawa usiku wa manane, kazi ikiwa nusu, linalonitoka mdomoni ni dedilaini.