Kiporo cha leo kimeisha hadi ukoko

Leo nimetoka kazini nikiwa na elfu mbili tu mkononi. Mshahara bado.

Nikapitia Soko la Mabibo. Jioni wauza nyanya wanashusha bei ya masalo, zile zilizolainika ambazo hazikai sana. Fungu la elfu moja nimelipata kwa mia tano, na mama muuzaji akaniongezea hoho mbili zilizonyauka. Mungu ambariki.

Dagaa wa mia tano, kitunguu, basi.

Nyumbani kulikuwa na wali wa jana. Niliunusa kwanza, maana kwa joto hili la Dar wali wa nazi huchacha upesi. Ulikuwa haujachacha.

Nyanya kadhaa nikazikata sehemu mbovu, pazima nikapaunga na kitunguu na hoho hadi mafuta yakapanda juu. Nikatia dagaa waliokaangwa, kisha wali, nikafunika, moto mdogo kabisa.

Watoto wamekula kimya.

Halafu mdogo akaivuta sufuria, akaanza kukwangua ukoko kwa kijiko. Krrr. Krrr.

Sauti ileile ya jikoni kwa bibi, Korogwe. Tulikuwa tunagombea ukoko wajukuu sita, na bibi anatugawia kipande kipande.

Nimesimama mlangoni, machozi yananilengalenga.

“Mama, kesho utapika tena hiki?”

Wali umeisha, mwanangu. Ila umebaki ugali nusu sahani na nyanya kama sita.

Jamani, kiporo cha ugali ninyi mnakifanyaje? Niandikieni hapa, kesho jioni napika.